SOMO LA 9: Kurekebisha Saa na Ukanda wa Saa wa Kompyuta kwa Mstari wa Amri

Baada ya kusoma somo hili uweze:

1. Kutofautisha muda wenyewe, ukanda wa saa na namna ya kusoma saa.
2. Kukokotoa saa ya mahali kwa kutumia longitudo na kuihusisha na saa rasmi ya Tanzania.
3. Kutambua kama kosa liko kwenye saa au kwenye ukanda.
4. Kutumia amri za Windows na Linux kurekebisha kosa hilo kwa mpangilio sahihi.

9.1 Utangulizi: sifuri iliyofutwa

Somo hili naanza na kosa langu mwenyewe. Januari moja, shule ilipofunguliwa, niliwasha kompyuta za maabara yetu hapa Ipogolo. Mojawapo ilikuwa imewekewa Windows upya wakati wa likizo, na saa yake ilikuwa nyuma kwa saa 11. Sikujiuliza kwa nini. Nikaisogeza saa kwa mkono mpaka ikalingana na simu yangu, nikaendelea na kazi. Maabara haikuwa na intaneti, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kunisahihisha.

Februari nikatoa kazi ya kufanya kwenye kompyuta hizo, ikabidhiwe kabla ya saa sita mchana. Wanafunzi walihifadhi kazi zao kwenye diski ya nje ya NTFS, nami nikazifungua kesho yake kwenye kompyuta yangu. Faili la msichana mmoja lilionesha limehifadhiwa saa 21:00, yaani saa tatu usiku. Nikaandika sifuri kwa kuchelewesha kazi.

Alikuja ofisini akasema, "Mwalimu, mimi nilimaliza saa nne asubuhi." Nilikaribia kumrudisha darasani. Ndipo nikakumbuka kwamba saa tatu usiku maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyeweza kuhifadhi faili saa ile. Kosa lilikuwa la kompyuta, na aliyeikosesha nilikuwa mimi. Nilifuta sifuri, nikasahihisha kazi yake kama za wenzake.

Ukimaliza somo hili utaweza kueleza kwa hesabu jinsi saa 10:00 ilivyogeuka 21:00. Ukiweza hilo, umelielewa.

9.2 Mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa

(a) Muda wenyewe. Kompyuta huhesabu muda kwa saa moja ya dunia nzima, iitwayo kwa kifupi UTC. Saa hii haibadiliki kwa nchi. Sasa hivi UTC ya Iringa, ya Muscat na ya London ni ileile. Mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, huhesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa 00:00 ya UTC.

(b) Ukanda wa saa. Huu ni maelekezo ya kuigeuza UTC kuwa saa ya mahali. Tanzania tunaongeza saa 3. Ukanda wetu huitwa Saa ya Afrika Mashariki na kifupi chake ni EAT.

Saa inayoonekana kwenye skrini = UTC + ukanda

(c) Namna ya kusoma. Skrini ikionesha 08:30, sisi tunasema saa mbili na nusu asubuhi. Hesabu ya Kiswahili huanza na mapambazuko, si usiku wa manane. Huu si ukanda mwingine. Ni jinsi ya kuusema muda uleule.

Kanuni ya kugeuza saa ya skrini kuwa saa ya Kiswahili: toa 6. Jibu likizidi 12, toa 12 tena. Jibu likiwa 0 au pungufu, ongeza 12.

- 08:30 → 8 − 6 = 2 → saa mbili na nusu asubuhi
- 21:00 → 21 − 6 = 15; 15 − 12 = 3 → saa tatu usiku
- 06:00 → 6 − 6 = 0; 0 + 12 = 12 → saa kumi na mbili asubuhi
- 03:00 → 3 − 6 = −3; −3 + 12 = 9 → saa tisa usiku

Zingatia: Usiirudishe saa ya kompyuta nyuma kwa saa 6 ili isome Kiswahili. Kugeuza huko hufanyika kichwani. Kompyuta ikiambiwa ni 02:30 wakati ni 08:30, faili zote zitakazohifadhiwa zitakuwa na muda wa uongo. Abiria anayeukosa basi stendi kwa kusoma "06:00" kama saa sita mchana amefanya kosa la jamii hiyohiyo.

9.3 Kwa nini +3? Jiografia inaingia hapa

Kumbuka kutoka somo la Jiografia kwamba dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Kwa hiyo nyuzi 15 ni saa 1, na nyuzi 1 ni dakika 4. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Washington mwaka 1884 ulichagua longitudo ya Greenwich kuwa 0°, na kutoka hapo tunahesabu.

Mfano 1. Mji wa Iringa uko karibu na longitudo 35°42′ Mashariki. Kokotoa saa yake ya jua, kisha ilinganishe na saa rasmi.

Suluhisho:
42′ = 0.7°, hivyo longitudo ni 35.7°
35.7 × dakika 4 = dakika 142.8
= saa 2, dakika 22 na sekunde 48 mbele ya Greenwich
Saa rasmi iko mbele kwa saa 3, yaani dakika 180
Tofauti: 180 − 142.8 = dakika 37.2

Maana yake ni kwamba, kwa wastani wa mwaka, jua huwa juu kabisa Iringa karibu saa 12:37 ya skrini, si saa 12:00 kamili. Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa Mbeya, longitudo 33°27′ Mashariki, utapata tofauti ya dakika 46. Kwa Dar es Salaam, longitudo 39°17′ Mashariki, utapata dakika 23.

Basi kila mji una saa yake ya jua. Kama kila mji ungefuata jua lake, basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mbeya lingelazimika kubadili saa njiani, Morogoro, Iringa, Makambako, kila kituo na dakika zake. Ndiyo maana nchi nzima hufuata longitudo moja. Longitudo yetu ni 45° Mashariki, kwa kuwa 45 ÷ 15 = 3. Mstari huo haupiti Tanzania kabisa. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu.

Majirani zetu. Kenya na Uganda wako +3 kama sisi. Zambia, Malawi, Msumbiji, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako +2. Lori linalopita Ipogolo kwa barabara ya TANZAM likifika Tunduma saa 14:20, upande wa pili wa mpaka, Nakonde, saa ni 13:20. Dereva hajasafiri kwenye muda. UTC ni ileile, 11:20, pande zote mbili. Kilichobadilika ni ukanda tu.

Ukanda huamuliwa na serikali, na unaweza kubadilishwa. Sudan Kusini ilihama kutoka +3 kwenda +2 tarehe 1 Februari 2021. Kompyuta ya Juba ambayo haikupata masasisho iliendelea kuonesha saa moja mbele, ingawa muda wake wa ndani ulikuwa sahihi. Kwa hiyo, pamoja na saa yake, kompyuta hutunza orodha ya kanda za dunia, na orodha hiyo huhitaji kusasishwa.

9.4 Saa mbili ndani ya kompyuta moja

1. Saa ya kifaa. Iko kwenye bodi kuu ya kompyuta. Huongozwa na kifuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na hulindwa na betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3. Betri hii ndiyo inayoifanya saa iendelee kutembea hata umeme ukikatika.
2. Saa ya mfumo. Hii huendeshwa na Windows au Linux wakati kompyuta imewashwa. Kompyuta inapowaka, mfumo husoma saa ya kifaa kwanza, kisha huendelea wenyewe.

Betri ikiisha, kompyuta huwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Ukifungua tovuti, kivinjari hukuonya kwamba si salama. Sababu ni kwamba cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2012 huona cheti cha mwaka huu kama kitu ambacho hakijaanza kutumika. Wengi hulaumu intaneti wakati tatizo ni betri.

Kompyuta yenye intaneti inaweza kujirekebisha kwa kuuliza seva za muda kwa kutumia itifaki ya NTP. Lakini seva hizo hutoa UTC tu. Hazijui uko Iringa au Lusaka. Ukanda lazima uwe sahihi kwenye kompyuta yenyewe.

9.5 Chunguza kabla hujarekebisha

Chukua simu yenye saa sahihi. Toa saa 3 upate UTC ya kweli. Kisha linganisha:

- UTC ya kompyuta ni sahihi, lakini saa ya skrini si sahihi: kosa ni ukanda.
- Ukanda ni sahihi, lakini UTC si sahihi: kosa ni saa.
- Vyote viwili si sahihi: rekebisha ukanda kwanza, saa baadaye.
- Tarehe inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika: badilisha betri, kisha rekebisha saa.

Kwa nini ukanda kwanza? Kwa sababu unapoiambia kompyuta "sasa ni 10:00", haikuulizi ni 10:00 ya wapi. Hutumia ukanda ilionao kukokotoa UTC. Ukanda ukiwa wa uongo, saa uliyoiweka kwa uangalifu inazaa UTC ya uongo, na skrini itaonekana safi kabisa. Hicho ndicho kilichonipata mimi.

9.6 Amri za Windows

Fungua menyu ya Start, andika `cmd`, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kufungua kama msimamizi. Bila haki za msimamizi, amri ya kubadili saa itakataliwa. Kila amri imalizie kwa kubonyeza Enter.

Kuona ukanda uliopo:

`tzutil /g`

Tanzania jibu linapaswa kuwa `E. Africa Standard Time`. Windows huuorodhesha ukanda huu kwa jina la Nairobi, usishangae kutouona mji wa Tanzania. Ukiona `Pacific Standard Time`, kompyuta inadhani iko pwani ya magharibi ya Marekani. Hali hii hutokea mara nyingi Windows inapowekwa kwa mpangilio wa Kimarekani.

Kuweka ukanda wetu:

`tzutil /s "E. Africa Standard Time"`

Alama za kunukuu ni lazima kwa sababu jina lina nafasi ndani yake. Nukta baada ya herufi E nayo ni sehemu ya jina.

Kuona tarehe na saa bila kubadili chochote:

`date /t`
`time /t`

Kuweka saa:

`time 08:30:00`

Kuweka tarehe:

`date 11-11-2024`

Zingatia: Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani hutanguliza mwezi. Ukiandika 03-11-2024 ukimaanisha tarehe 3 Novemba, itaelewa tarehe 11 Machi. Andika amri `date` peke yake kwanza. Kompyuta itakuonesha mpangilio inaoutaka.

Kama kuna intaneti, iambie kompyuta iulize seva ya muda:

`w32tm /resync`

Ikijibu kwamba huduma haijaanza, andika `net start w32time`, kisha rudia.

9.7 Amri za Linux

Fungua terminali. Amri moja inaonesha karibu kila kitu:

`timedatectl`

Majibu yake hufanana na haya:

```
               Local time: Mon 2024-11-11 08:30:05 EAT
           Universal time: Mon 2024-11-11 05:30:05 UTC
                 RTC time: Mon 2024-11-11 05:30:05
                Time zone: Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)
System clock synchronized: yes
              NTP service: active
          RTC in local TZ: no
```

Mstari wa kwanza ni saa ya mahali. Wa pili ni UTC. Wa tatu ni saa ya kifaa, ile ya betri. Wa nne ni ukanda. Jifunze kusoma mistari hii minne, kwani ndiyo inayokuonesha kosa liko wapi.

Kuweka ukanda:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Kompyuta itaomba nenosiri. Herufi hazitaonekana unapoziandika; endelea tu. Jina la ukanda liandikwe kama lilivyo: herufi kubwa A, D na S, na mistari ya chini badala ya nafasi. Orodha yote ya kanda utaipata kwa `timedatectl list-timezones`. Kwenye orodha hiyo hakuna Iringa wala Mbeya, kwa sababu saa zake ni zilezile za Dar es Salaam.

Kuweka saa kwa mkono, zuia kwanza marekebisho ya seva, la sivyo amri itakataliwa:

`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time "2024-11-11 08:30:00"`

Hapa mpangilio ni mwaka, mwezi, siku. Amri hii huandika saa ya mfumo na ya kifaa kwa pamoja. Intaneti ikipatikana, ruhusu tena seva za muda:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Kuona saa ya nchi nyingine bila kubadili kompyuta yako:

`TZ=Africa/Lusaka date`

Andika amri hiyo, kisha mara moja andika `date` peke yake. Utaona saa mbili zenye tofauti ya saa moja, kutoka kompyuta moja, kwa muda uleule. Jaribio hili linaonesha waziwazi kwamba ukanda ni maelekezo ya kuonesha tu.

Kompyuta yenye Windows na Linux pamoja. Linux kwa kawaida huandika UTC kwenye saa ya kifaa. Windows kwa kawaida huisoma saa hiyo kama saa ya mahali. Matokeo yake, ukitoka Linux saa 08:30 na kuingia Windows, utaona 05:30. Tofauti ya saa 3 kamili, inayojirudia kila unapobadili mfumo, ndiyo dalili yake.

9.8 Mifano iliyofanyiwa kazi

Mfano 2. Eleza kwa hesabu jinsi faili lililohifadhiwa saa 10:00 Iringa lilivyoonekana limehifadhiwa saa 21:00. Kompyuta iliyotumika ilikuwa na ukanda wa UTC−8, na saa yake ilisogezwa kwa mkono isome 10:00.

Suluhisho:
UTC ya kweli: 10:00 − 3 = 07:00
UTC iliyodhaniwa na kompyuta: saa ya skrini = UTC + (−8), hivyo UTC = 10:00 + 8 = 18:00
Diski ya NTFS hutunza muda kwa UTC, hivyo ilihifadhi 18:00
Kompyuta ya mwalimu, yenye ukanda wa +3: 18:00 + 3 = 21:00

Kosa ni saa 11, yaani 8 + 3, umbali kati ya kanda hizo mbili.

Mfano 3. Taja hatua za kuirekebisha kompyuta ya Mfano 2 kwa mstari wa amri wa Windows. Sasa hivi saa ya kweli ni 10:00.

Suluhisho:
Hatua ya 1: `tzutil /g` kuthibitisha ukanda. Jibu: `Pacific Standard Time`.
Hatua ya 2: `tzutil /s "E. Africa Standard Time"`. Skrini itaruka kutoka 10:00 hadi 21:00.
Hatua ya 3: `time 10:00:00`. Ukanda sasa ni sahihi, hivyo UTC inakuwa 07:00.
Hatua ya 4: `date /t` kuhakiki tarehe, kisha `time /t` kuhakiki saa.

Wanafunzi wengi huogopa katika hatua ya 2, wakadhani wameharibu. Hujaharibu. Uongo uliokuwa umefichwa ndani sasa umejitokeza kwenye skrini, na sasa unaweza kuurekebisha.

Mfano 4. Kompyuta mpya, ambayo hakuna aliyegusa saa yake, inaonesha 21:30 Jumapili, tarehe 10 Novemba 2024. Ukanda wake ni UTC−8. Simu sahihi Iringa inaonesha 08:30 Jumatatu, tarehe 11 Novemba. Kosa ni nini?

Suluhisho:
UTC ya kompyuta: 21:30 + 8 = 29:30, yaani 05:30 Jumatatu
UTC ya kweli: 08:30 − 3 = 05:30 Jumatatu
UTC zinalingana. Kosa ni ukanda peke yake. Badili ukanda tu, usiguse saa.

Linganisha Mfano 3 na Mfano 4. Kompyuta ya Mfano 3 ilionekana sahihi, kumbe ina makosa mawili. Ya Mfano 4 ilionekana mbovu kabisa, kumbe ina kosa moja. Usihukumu kwa kutazama skrini peke yake.

9.9 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. Kusogeza saa ili kufidia ukanda usio sahihi.
2. Kuandika kwamba NTP huweka ukanda. NTP hutoa UTC tu.
3. Kusahau alama za kunukuu kwenye `tzutil /s`.
4. Kusahau `sudo` kwenye Linux, au kutofungua kama msimamizi kwenye Windows.
5. Kuchanganya saa ya Kiswahili na saa ya skrini kwenye hesabu. Fanya hesabu yote kwa mfumo wa saa 24. Geuza kwenda Kiswahili mwishoni.
6. Kusahau siku. Jibu likizidi 24, toa 24 na usogee siku moja mbele. Likiwa chini ya 0, ongeza 24 na urudi siku moja nyuma.

9.10 Zoezi

1. Taja tofauti mbili kati ya saa ya kifaa na saa ya mfumo. (alama 2)
2. Geuza saa hizi kuwa za Kiswahili: 00:00, 13:45, 18:00. (alama 3)
3. Ofisi ya Nakonde, Zambia, hufungwa saa 17:00 kwa saa zao. Mtu aliye Tunduma aangalie saa ngapi kwenye simu yake yenye ukanda wa Tanzania? (alama 2)
4. Kompyuta ya Linux isiyo na intaneti inaonesha saa ya mahali 09:12 EAT na UTC 06:12. Simu sahihi inaonesha 09:30. Tambua kosa, kisha andika amri za kulirekebisha. Tarehe ni 11 Novemba 2024. (alama 4)
5. Mtu wa Mbeya anasema simu yake haiwezi kuwa sahihi, kwa sababu saa 12:00 kamili kivuli chake bado hakijafika mwisho wa kupungua. Mjibu kwa hesabu. (alama 4)

Majibu

1. Saa ya kifaa hutembea kwa betri hata kompyuta ikizimwa. Ya mfumo hutembea kompyuta ikiwa imewashwa tu. Saa ya kifaa iko kwenye bodi kuu. Ya mfumo huendeshwa na programu.
2. Saa sita usiku. Saa saba na dakika arobaini na tano mchana. Saa kumi na mbili jioni.
3. 17:00 − 2 = 15:00 UTC; 15:00 + 3 = 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni.
4. Ukanda ni sahihi, kwani 06:12 + 3 = 09:12. UTC ya kweli ni 09:30 − 3 = 06:30, hivyo saa imechelewa kwa dakika 18. Amri: `sudo timedatectl set-ntp false`, kisha `sudo timedatectl set-time "2024-11-11 09:30:00"`.
5. Mbeya iko 33°27′ Mashariki, sawa na 33.45°. 33.45 × 4 = dakika 133.8. Saa rasmi iko mbele kwa dakika 180. 180 − 133.8 = dakika 46.2. Kwa wastani jua huwa juu kabisa Mbeya karibu 12:46. Simu yake ni sahihi, na alichokiona kwenye kivuli nacho ni kweli. Simu inafuata longitudo 45°, kivuli kinafuata 33°27′.

La kukumbuka unapoingia kwenye chumba cha mtihani: ukanda kwanza, saa baadaye. Ukilisahau jina la amri, eleza mpangilio na sababu yake, kwani msahihishaji huona kwamba umeelewa. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kompyuta zinazotunza kazi za watu, kagua ukanda kabla ya kumwambia mtu kwamba amechelewa.